Uzi: Usaha wa kwenye tundu haukwambii nani yuko mfupani (maambukizi ya mfupa na usugu wa dawa)

#1 Mwotesha Vimelea (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aurudie akitulia.

Nafanya kazi maabara, upande wa kuotesha bakteria, huu ni mwaka wa 14. Sitibu wagonjwa. Naletewa kilichotolewa kwa mgonjwa, nakiotesha, namtambua aliyeota, kisha naandika dawa ipi inamuua na ipi haimgusi. Nimeamua kuandika kwa sababu ya mguu wa mtoto mmoja ambaye hata sura yake sijawahi kuiona.

Ililetwa swabu, kile kijiti chenye pamba, imepitishwa kwenye tundu linalovuja usaha juu ya ugoko wa mtoto wa miaka 11. Fomu ilisema: usaha miezi 7, dawa alizokwisha kutumia 5. Nikaotesha. Kesho yake sahani ya kuoteshea imefunikwa na bakteria aitwaye sudomonasi. Huyu unamjua hata kabla ya vipimo, kwa ule ukijani wake na harufu tamu kama ya zabibu. Pembeni yake ameota E. koli, bakteria wa utumbo. Nikapima dawa, nikatoa majibu, mtoto akabadilishiwa dawa, ikawa ya sita. Usaha haukukoma.

Baada ya mwezi na siku kadhaa akaingizwa chumba cha upasuaji. Safari hii nikaletewa vichupa vinne, kila kimoja na kipande chake cha mfupa, na kikubwa kuliko vyote hakikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kimoja kilikuwa cheupe, kikavu, kama chaki. Huo ni mfupa uliokufa. Vipande vyote vinne vikaota kitu kimoja tu: stafilokokasi aureusi. Hakuna sudomonasi, hakuna koli. Wale wa mwanzo walikuwa wamekaa barazani, kwenye tundu, na majibu yangu yaliwataja kana kwamba ndio wenye nyumba.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: yule stafilo hakuwa hata sugu. Kloksasilini, dawa ya miaka mingi, ilimfuta kabisa kwenye sahani. Miezi 8 mtoto amebebeshwa dawa kubwa kubwa za kumpiga asiyehusika.

Nimekuja kusema jambo moja. Kwenye mfupa, jina la bakteria litoke mfupani kwenyewe, na sampuli ichukuliwe kabla dawa haijaingia, isipokuwa pale ambapo maisha yako hatarini (nitaeleza). Mengine yote nitakayoandika hapa yanatokana na hilo.

#2 Mwotesha Vimelea

Tuanze na wahusika.

Stafilokokasi aureusi ndiye anayeongoza, kwa watoto na kwa watu wazima. Karibu watu 3 kati ya 10 wanaishi naye puani bila kujua wala kuumwa. Mwaka 1880 Louis Pasteur wa Ufaransa alimkuta bakteria yuleyule kwenye majipu ya ngozi na kwenye usaha wa mfupa, akasema ugonjwa huu ni jipu la mfupa. Miaka hiyohiyo mpasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, alikuwa anautazama usaha wa majipu kwenye hadubini na kuona vimelea wamejikusanya kama vishada vya zabibu. Jina stafilokokasi limetokana na neno la Kigiriki la kishada hicho. Mwaka 1884 Rosenbach akaongeza aureusi, yaani wa dhahabu, kwa sababu ya rangi ya koloni zake, yaani vile vidoti vya bakteria waliorundikana kwenye sahani. Mpaka leo ndivyo ninavyomwona asubuhi ninapofungua sahani: vidoti vya mviringo, vinang'aa, rangi ya krimu inayoelekea dhahabu. Nikiweka tone la plazima (majimaji ya damu) kwenye mrija na kumtia humo, baada ya saa chache plazima imeganda. Huko kugandisha ndiko kunakomtofautisha na ndugu zake wa ngozini.

Hao ndugu zake, hasa stafilokokasi epidemidisi, ni wapole kwenye ngozi. Ila ukiwawekea chuma ndani ya mwili, bamba na skrubu au nyonga bandia, wanageuka. Kwenye bega bandia kuna mwingine, kutibakteria wa chunusi, anayeota polepole mno. Sampuli ya bega lenye kiungo bandia natakiwa niiache siku 14. Ukiitupa siku ya tano ukaandika "hakuna kilichoota", umeandika uongo bila kukusudia.

Watoto wachanga: streptokokasi wa kundi B, E. koli, na stafilo tena. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 4 wana wao anayeitwa Kingela. Huyu ni mwoga, kwenye sahani ya kawaida mara nyingi haoti, ndiyo maana majimaji ya kwenye kiungo yanatakiwa yatiwe kwenye chupa ya kuoteshea damu, humo anapata nafasi. Naye dawa ya vankomaisini haimgusi, na klindamaisini mara nyingi haimgusi pia. Fikiria mtoto wa miaka 2 anayepewa hizo mbili tu kwa kudhaniwa ana stafilo.

Mwenye selimundu: salmonela. Aliyekanyaga msumari ukapenya soli ya raba: sudomonasi, na hapo ndipo sudomonasi anakuwa mwenye nyumba kweli. Aliyeng'atwa na paka au mbwa: pasturela. Kidonda cha unyayo cha mwenye kisukari: mchanganyiko, mara nyingi stafilo na streptokokasi, na kikidumu wanajiunga bakteria wa utumbo na wale wasiotaka hewa. Maumivu ya mgongo yanayoanza taratibu, na homa za jioni: fikirieni kifua kikuu cha mgongo na brusela, ambaye huja na maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika mifugo. Kifua kikuu hakionekani kwa uoteshaji wa kawaida. Lazima kiombwe kwa jina lake kwenye fomu, na ni mara nyingi mno naona fomu za mgongo hazina ombi hilo.

#3 Kalamu Butu

Mkuu, asante sana kwa uzi. Swali la mtu nisiyesoma haya mambo: mfupa uko ndani, umefunikwa na nyama. Bakteria wa puani au wa jipu anafikaje huko?

#4 Mwotesha Vimelea

Kalamu Butu, njia ni tatu. Anaingia moja kwa moja, kwa mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi au kwa upasuaji. Anashuka kutoka kidonda cha jirani, kama unyayo wa mwenye kisukari. Au anasafiri na damu.

Hii ya damu ndiyo ya watoto hasa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto, pale inaporefukia, mishipa midogo ya damu inajikunja kama kitanzi na damu inapunguza mwendo. Bakteria aliyeingia kwenye damu kupitia mkwaruzo mdogo anatulia hapo. Ndiyo maana utasikia mzazi anasema mtoto alianguka akicheza, siku mbili baadaye mguu haukanyagiki na homa juu. Mkianza kufikiri ni msuli, siku zinakwenda. Eksirei katika siku 10 hadi 14 za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa, kwa hiyo eksirei safi haimaanishi mfupa uko salama. Picha ya MRI, ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoona mapema.

Usaha ukijaa ndani ya mfupa hauna pa kutanukia. Unabana mishipa, unanyanyua ngozi ngumu inayofunika mfupa, na sehemu ya mfupa inakosa damu inakufa. Kile kipande cheupe kama chaki nilichosema. Dawa husafiri na damu. Pasipo na damu dawa haifiki, hata ukiiongeza mara tatu. Mwili unajenga mfupa mpya kukizunguka kipande kile kilichokufa, kama ukuta, na usaha unajitobolea njia hadi nje. Hapo ndipo tundu linapotokea, na ugonjwa unakuwa umeota mizizi.

#5 Muuguzi wa Zamu

Naunga mkono la swabu. Nimekaa wodi ya mifupa miaka, kijiti kinapitishwa juu juu kwa sababu ndicho kilichopo na fomu inatakiwa ijazwe. Ila kuna wakati swabu ya tundu ikiota stafilo tunaambiwa inaaminika. Hilo nalo vipi?

#6 Mwotesha Vimelea

Dada, umesema kweli. Mwaka 1978 kuna watafiti Marekani walilinganisha swabu za tundu na mfupa uliotolewa kwenye upasuaji. Chini ya nusu ya swabu zilimtaja bakteria aliyekuwamo mfupani. Stafilo akiota kwenye swabu kuna uwezekano mkubwa yumo ndani pia. Wakiota bakteria wa utumbo au sudomonasi, ni bahati nasibu. Lakini hata stafilo akiota kwenye swabu, hakuambii kama yuko peke yake.

Na kwa vidonda vya kisukari: kidonda kisicho na dalili za maambukizi, hakina wekundu, hakina joto, hakina usaha, kisichukuliwe swabu kabisa. Kitaota tu, kila ngozi ina wake, na mtu atapewa dawa asiyoihitaji. Daktari akipitisha chuma butu kisafi kwenye kidonda akagusa kitu kigumu kama jiwe, hapo ashuku mfupa na aombe kipande cha mfupa.

#7 Mwotesha Vimelea

Sasa usugu. Hapa naomba tutulie, kwa sababu watu wanauongelea kama kitu kimoja na kumbe ni viwili.

Usugu wa kwanza umeandikwa kwenye vinasaba vya bakteria. Penisilini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na 1942 tayari kulikuwa na taarifa za stafilo anayetengeneza kimeng'enya cha kuikata. Mwaka 1945, Alexander Fleming akipokea tuzo ya Nobel, alionya kwamba dozi pungufu zitawafundisha vimelea kuizoea dawa. Methisilini, iliyotengenezwa isikatwe na kimeng'enya hicho, ilitoka 1959. Mwaka 1961 Uingereza ikamtangaza stafilo asiyeuawa nayo. Miaka miwili tu.

Huyo wa 1961 ndiye anayeitwa MRSA, na mbinu yake ni tofauti. Haikati dawa. Dawa za ukoo wa penisilini hufanya kazi kwa kung'ang'ania protini zinazojenga ukuta wa bakteria. MRSA ana jini (kipande cha vinasaba) linaloitwa mecA linalompa protini mbadala ambayo dawa haiwezi kuing'ang'ania, ukuta unaendelea kujengwa kama kawaida. Kwa hiyo kloksasilini, flukloksasilini, sefaleksini, seftriaksoni, zote zinaanguka kwa pamoja. Nampima kwa kidiski, kikaratasi cha mviringo chenye dawa, cha sefoksitini ya ukoo uleule: nasubiri usiku mzima kwenye joto la nyuzi 35, kisha napima kwa rula duara lililobaki wazi, bila bakteria, kuzunguka kidiski. Milimita 22 kwenda juu, dawa za ukoo ule zinamfaa. 21 kushuka chini, hazimfai. Milimita moja inaamua mtu apewe dawa ipi kwa wiki 6. Duara likiwa kwenye 21 au 22 naita mwenzangu naye apime bila kumwambia nilichosoma.

Kwa mwaka 2019 peke yake, makadirio ya dunia nzima yalionyesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na MRSA peke yake zaidi ya 100,000. Hivyo si vya mifupa tu, ni vya mwili mzima. Mfupa una mateso yake: haukuui haraka, unakuchukulia mguu au unakuchukulia miaka.

Usugu wa pili hauonekani kwenye karatasi yangu, na huu ndio unaowachanganya wengi. Bakteria kwenye mfupa mfu au kwenye chuma hujifunika utando. Ni uteute wanaoutengeneza wenyewe, wanajibandika, wanapunguza kula, wanapunguza kuzaliana. Dawa nyingi humuua bakteria anayejenga na kuzaliana. Aliyelala haziwezi. Ndani ya utando wanaweza kustahimili kiasi cha dawa mara mamia, hata mara 1,000, ya kile kinachomuua mwenzao anayeelea. Mimi maabara nawapima wanaoelea. Naandika "dawa inafaa", na ni kweli inafaa, lakini mguuni inashindwa. Daktari anasema maabara imekosea, mgonjwa anasema dawa ni feki, na kumbe kilichohitajika ni kisu: mfupa mfu utolewe, chuma kisafishwe au kibadilishwe, ndipo dawa ipate wa kumkamata.

Kuna la tatu linalofanana na hilo. Stafilo anaweza kuingia ndani ya seli zenyewe zinazojenga mfupa na kujigeuza. Akiota kwangu anakuja na koloni ndogo sana, hazina rangi ya dhahabu, zinachelewa siku mbili tatu. Asiyemjua anadhani ni uchafu wa sahani. Kila sampuli ya mfupa sasa naiacha muda mrefu zaidi kwa ajili yake.

#8 Daktari Kijana

Mkuu nakuheshimu, ila hapo mwanzo naona umeegemea upande mmoja. Mtoto amekuja na homa ya 40, mapigo juu, anaelekea kuzidiwa, niseme tusubiri mpasuaji achukue mfupa kwanza? Atafia mikononi mwangu.

#9 Mwotesha Vimelea

Daktari, uko sahihi, ndiyo maana niliweka lile neno "isipokuwa" na sikulifafanua. Anayezidiwa hasubiri. Chukua damu ya kuotesha, ni dakika chache, kisha choma dawa papo hapo. Damu hiyo peke yake inamtaja mhusika kwa sehemu nzuri ya watoto wenye ugonjwa wa ghafla. Kama kuna usaha unaovutika kwa sindano, vuta siku hiyohiyo. Dozi moja haifuti kila kitu. Dozi za siku 4 zinafuta.

Ninaowasemea mimi ni wale wa miezi na miaka. Mtu ana tundu tangu mwaka jana, hana homa, anatembea. Huyu hana haraka ya dawa leo. Hali yake ikiruhusu, daktari wake anaweza kumsimamisha dawa kwa wiki 2 kabla ya upasuaji, ili mfupa ukifika kwangu uwe na kitu cha kuota. Sampuli ziwe kadhaa, kwenye chuma wanashauri tano, kila moja na kifaa chake safi, ili bakteria mmoja akiota kwenye moja tu tujue huenda ni wa ngozi, na akiota kwenye tatu tujue ni yeye. Nimekuwa napokea sampuli tano zilizokatwa kwa kisu kimoja na kutiwa kwenye chupa moja. Hiyo ni sampuli moja.

#10 Mama Wawili

Mwanangu wa kwanza ana selimundu. Akishikwa na maumivu ya mifupa tunaambiwa ni maumivu ya kawaida ya ugonjwa wake. Nitajuaje kama safari hii ni bakteria?

#11 Mwotesha Vimelea

Mama, pole, na swali lako ni gumu hata kwa madaktari. Seli zilizojikunja zinaziba mishipa ya mfupa, mfupa unakosa damu, unauma na hata kuvimba bila bakteria yeyote. Lakini seli hizohizo zinadhuru utumbo, salmonela anapenya kuingia kwenye damu, wengu uliochoka hauwezi kumkamata, na pale penye mfupa uliokosa damu anapata makazi. Kwa hiyo vinaweza kufuatana.

Yanayotakiwa yakushtue ni homa isiyoshuka, uvimbe wa sehemu moja unaozidi badala ya kupungua, na maumivu yaliyogoma kuondoka baada ya siku ambazo kwa kawaida huwa yameshatulia. Ukiona hayo mpeleke, na uliza wazi: "Damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya dawa?" Ni muhimu kwake kuliko kwa wengine, kwa sababu kloksasilini iliyozoeleka kwa mifupa ya watoto haimfanyi kitu salmonela. Mtoto wako anahitaji dawa inayowashika wote wawili hadi jina litoke.

#12 Kalamu Butu

Na hii habari ya dripu wiki 6? Jirani alilazwa hadi akakata tamaa. Vidonge haviwezi?

#13 Mwotesha Vimelea

Vinaweza, kwa masharti. Uingereza walifanya utafiti, ukachapishwa 2019: watu 1,054 katika vituo 26, nusu wakaendelea na dawa za mshipa, nusu wakahamia vya kumeza ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya mwaka, walioshindwa matibabu walikuwa asilimia 14.6 kwa mshipa na 13.2 kwa vidonge. Hakuna tofauti ya maana. Ila wengi wao walikuwa wamefanyiwa upasuaji, na dawa zilichaguliwa na wataalamu wa maambukizi. Si kidonge chochote kinachofika mfupani kwa kiasi cha kutosha.

Muda nao unategemea. Pingili za mgongo, wiki 6 zilitosha sawa na 12 kwenye utafiti wa Ufaransa wa 2015. Kiungo bandia, utafiti mwingine wa hukohuko wa 2021 ulionyesha kinyume: waliotibiwa wiki 6 walishindwa asilimia 18.1, wa wiki 12 asilimia 9.4. Watoto wenye ugonjwa wa ghafla wanaopona vizuri wanaweza kumaliza kwa wiki 3 au 4. Msichukue namba ya mgonjwa mmoja mkampa mwingine.

#14 Binti wa Mwalimu

Kaka yangu aliwekewa chuma kwenye fupaja baada ya ajali, mwaka na nusu uliopita. Tundu linavuja. Mtu mmoja kamshauri anunue rifampisini ameze peke yake kwa sababu "inaingia kwenye mfupa". Ameshaanza juzi. Nimesoma uzi huu wote nikaogopa.

#15 Mwotesha Vimelea

Dada yangu, umefanya vizuri kuuliza. Rifampisini kweli ni dawa inayowapata stafilo ndani ya utando kuliko nyingi nyingine. Lakini kati ya stafilo milioni 10 hadi 100 hivi, mmoja huwa tayari amebadilika kidogo na haimgusi. Kwenye mfupa wenye usaha wapo wengi kuliko hao. Ikiingia peke yake inawaua wote wanaoweza kufa na kumwachia uwanja yule mmoja, na ndani ya siku chache waliobaki wote ni uzao wake. Kaka yako atakuwa ameipoteza dawa ambayo pengine ndiyo ingeokoa kile chuma. Ndiyo maana hutolewa pamoja na nyingine, na baada ya upasuaji, usaha ukishapungua.

Leo hii, si kesho, amweleze daktari wake wa mifupa kwamba ameimeza, ameanza lini, ngapi kwa siku. Asifiche. Aamuliwe na daktari, na aulize habari ya sampuli za mfupa.

#16 Binti wa Mwalimu

Narudi na mrejesho. Daktari alimsimamisha dawa zote. Ameshafanyiwa upasuaji, chuma kimetolewa, mguu umefungwa vyuma vya nje, wamechukua vipande vitano kama ulivyosema. Karatasi imetoka: stafilokokasi aureusi kwenye vipande vinne kati ya vitano. Sefoksitini imeandikwa sugu. Rifampisini inafaa (nililia). Klindamaisini mstari wa kwanza waliandika inafaa, kisha wakaikata kwa kalamu wakaandika sugu, na chini "kipimo cha D: chanya". Wamekosea au?

#17 Mwotesha Vimelea

Hawajakosea. Aliyeshika ile kalamu ni mtu makini sana.

Kipimo hicho kikiwa chanya, maana yake stafilo wa kaka yako ni sugu kwa dawa ya erithromaisini. Stafilo wa namna hiyo anaweza kuwa na jini linalobadilisha mahali dawa inapomshika, ila jini limelala. Klindamaisini peke yake hailiamshi haraka, kwa hiyo duara linatoka kubwa, zuri, na mtu anaandika "inafaa". Ndipo tunapoweka vidiski viwili jirani, erithromaisini huku, klindamaisini huku, nafasi ya milimita 15 hadi 26 katikati. Erithromaisini inaliamsha jini. Asubuhi ukifungua sahani, duara la klindamaisini si duara tena: upande unaotazama erithromaisini umenyooka kama umekatwa kwa rula, upande mwingine umebaki mviringo. Herufi D kamili. Bakteria wamesogea hadi pale na kuota mbele ya dawa. Ukiona hivyo unaandika sugu, kwa sababu mguuni, kwa wiki nyingi za dawa, jini hilo lingeamka lenyewe.

Mwambie kaka yako aipige picha karatasi hiyo na aitunze kwenye simu, na nakala ya karatasi abaki nayo. Popote atakapokwenda na mguu huo, hata miaka 10 ijayo, aitoe kabla hajaandikiwa chochote. Wamemwanzishia dawa gani?

#18 Binti wa Mwalimu

Vankomaisini ya mshipa. Wamesema rifampisini wataiongeza kidonda kikikauka, na wanamwita wiki ijayo kupima damu ya figo. Usaha umepungua, jana bandeji imebadilishwa mara moja tu.